Zuleika Hakukimbia Mechi

Zuleika,

Najua umejifungia chumbani. Ukitoka, punguza moto wa maharage na umpe bibi yako dawa kabla hajala.

Asubuhi intaneti ilipokatika mara tatu, nilidhani mchezo wako ndio unaoiharibu. Nikakufokea, nikang'oa waya wa ruta katikati ya nusu fainali yako. Baadaye nikampigia Otim, fundi wetu wa intaneti. Akasema, "Mzee, mtoto hana kosa. Kuna mtu anairundikia laini yenu maombi ya uongo ili ikwame, Zuleika ashindwe kucheza."

~~Acha huo mchezo kabisa.~~ Hapana. Siwezi kukaa tu hapa. Naipeleka ruta kwa Otim, kule Mengo, atubadilishie anwani ya mtandaoni na kuweka kinga. Anwani hiyo mpya usimpe mtu yeyote, hata wale mnaocheza nao.

Wasimamizi wa mashindano walinitumia ujumbe kwamba umekimbia mechi. Nimewajibu kwamba hukukimbia, waya niliung'oa mimi. Wamekubali mrudie saa kumi jioni.

Nitawahi kurudi. Ukiniruhusu, nitakaa kando yako nitazame.

Baba