Bizimu la Bibi Dolma

Hounslow, 4 Oktoba 1998

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila baridi imeanza kututafuna vidole. Goti lako je?

Elkana akikupa barua hii atakupa na kifurushi. Ndani mna bizimu la fedha la kufungia shali kifuani. Bibi Dolma, yule mzee ninayemtunza, aliachiwa na mamake huko kwao milimani, India. Lina fundo lisilo na mwanzo wala mwisho. Kwao Wabuddha ni huruma isiyokatika. Mama humwachia binti, naye hana binti. Siku nyingine ananiita mwanangu, siku nyingine hanijui kabisa. Kazini haturuhusiwi kupokea zawadi, lakini ningeukataaje mkono wa mzee? Nifichie, usimwonyeshe mtu.

Binti yako,
Wakesho

Wundanyi, 19 Oktoba

Mwanangu Wakesho,

Marahaba. Goti linanisumbua nikipanda mlima, nikishuka halina neno. Elkana alifika salama.

Bizimu ni zuri, sikatai. Lakini fundo, mwanangu! Mtu akitaka kumfunga msichana asiolewe, hufunga nini? Una miaka thelathini na miwili, bibi wa watu anakupa fundo lisilo na mwisho, nawe unashukuru. Tangu liingie humu ndani sipati usingizi. Nitafanya la kufanya.

Mama yako

Hounslow, 2 Novemba

Mama,

Shikamoo. Nakuomba usifanye lolote!

Suresh, mwanawe Bibi Dolma, ameuliza bizimu liko wapi. Nikamwambia nilipewa. Akamuuliza mamake mbele yangu. Bibi alinitazama sana, akasema, "Huyu ni nani?"

Meneja amenipa hadi tarehe 20 nilirudishe, la sivyo ni polisi. Maombi yangu ya visa bado yako Croydon, kwa watu wa uhamiaji. Nikifukuzwa kazi kwa wizi, nimefukuzwa na nchi. Naogopa, Mama. Siku tatu napiga simu dukani kwa Ulimboka, haiingii. Elkana anarudi huku tarehe 14. Mpe bizimu mkononi.

Binti yako

Wundanyi, 12 Novemba

Mwanangu,

Hujambo? Mwezi huu sijaona barua yako, nadhani kazi ni nyingi. Sisi wazima, na usingizi umerudi.

Lile bizimu nililipeleka Voi kwa Telesphor, sonara. Nilisimama pale pale nikiomba mpaka fundo lote likayeyuka. Fedha yenyewe sikuitupa, mimi si mjinga. Amekutengenezea pete, laini, haina hata alama moja. Elkana anakuja nayo keshokutwa. Ivae hata kazini, wakuone.

Mama yako