Kipimo cha Injini na Kiti cha Kushoto

Barabara ya Carrieton,
S.L.P. 41,
Orroroo, Australia Kusini.
14 Julai 2019.

Mpendwa mdogo wangu Merilyn,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi na vumbi, maana mwaka huu tumepewa vyote kwa pamoja. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu ulipohama ile nyumba ya ngazi. Huko Launceston najua mvua haikatiki, kwa hiyo vaa soksi mbili na usijifanye msichana. Mimi mwili haujambo. Mafua yalinishika mwezi wa tano, yakachoka yenyewe yakaniacha. Asubuhi maji ya kuku yanaganda, nayavunja kwa kisigino.

Kabla ya yote nikuombe radhi. Katika barua yako ya mwisho wa Februari uliniuliza kama uje ukae nami miezi ya baridi, nami nikakujibu kwa mistari mitatu kwamba sina haja ya mtu, nina kazi nyingi. Kazi ilikuwepo kweli, nitakueleza. Lakini hilo la kutohitaji mtu lilikuwa uongo, na nimelijutia tangu nilipoidumbukiza ile barua posta.

Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza kipimo cha injini ya pikapu. Usicheke kwanza.

Unaikumbuka ile pikapu ya kijani. Kioo cha kipimo chake cha joto kilipasuka zamani, na ukikaa kwenye usukani huoni mshale hata kidogo. Anayeuona ni aliyekaa kushoto. Kwa miaka thelathini na tisa aliyekaa kushoto alikuwa Glenys. Alikuwa akinisomea bila kuulizwa, huku anafuma. "Nusu, Nev." "Nusu na kidogo." Akisema "Nev" peke yake, basi nilijua nitafute kivuli nisimame.

Februari, miezi mitano baada ya kumzika, nilikuwa narudi kutoka Peterborough kwenye joto la nyuzi arobaini na tatu, na hakuna aliyeniambia kitu. Injini ikachemka. Nilikaa kando ya barabara kwa muda wa saa mbili nikingoja rejeta ipoe, nikiwa nimekasirika sana, na aliyenikasirisha ni marehemu mke wangu. Fundi alipoifungua injini akaniambia gasketi imeungua, na mshale wa kipimo umekufa, labda siku nyingi, wala hakipatikani kingine. Akanishauri niuze pikapu. Nilimlipa gasketi mpya, nikaondoka nayo.

Nikaagiza vifaa kwa posta. Kibamba cha kompyuta kisichozidi ukubwa wa biskuti, kioo kidogo cha kuonyesha namba, kihisio cha joto cha kukaza kwenye injini, na kingine cha mgandamizo wa oili. Kazi ya umeme relini ilinifundisha nyaya, haikunifundisha kompyuta, kwa hiyo nilianza kama mtoto wa darasa la kwanza, mezani jikoni, miwani miwili puani. Kihisio nilikijaribu kwenye bakuli la barafu, kisha kwenye birika la Glenys linalotokota, nikilinganisha na kile kipimajoto chake cha kupikia jemu. Birika halijatakata hadi leo. Angekuwepo ningekiona cha moto.

Nilipokifunga garini, namba zikaanza vituko. Themanini na nane, halafu mia mbili, halafu sifuri, halafu themanini na nane tena. Nilihangaika wiki mbili, nikabadilisha hiki na kile, nikafika mahali pa kudhani akili yangu ndiyo inayoondoka. Kumbe nilikuwa nimeulaza waya wa kihisio sambamba na waya za plagi, na ule umeme mkali ulikuwa unauingilia. Fundi umeme wa miaka thelathini na mitano! Nikauhamishia upande wa pili, namba zikatulia tuli.

Nikuambie ukweli, kazi ile niliipenda mno. Kibamba kikikosewa kinakataa, unajua kimekataa, unakibembeleza. Nyumba hii haikatai wala haikubali. Nakaanga yai moja, naosha sahani moja, naikausha, naiweka, na bado ni saa saba mchana. Mpweke mimi, Merilyn. Neno hilo sijamwambia mtu, na sasa nimekwisha kuliandika.

Basi kipimo nikakifunga juu kabisa ya dashibodi, mbele ya macho yangu, nikaendesha nikikitazama. Namba inapanda moja, inashuka moja. Raha tupu! Na hapo ndipo nilipojiharibia, bila kujua.

Mwezi wa Mei, ile mashine yangu ya kuchimbia mashimo ya nguzo, aliyoiazima jirani yetu Colin Kleinig, niliikuta imeegeshwa getini. Hakupiga honi, hakuingia. Wiki iliyofuata nikalikuta bati la keki la Glenys, lililokuwa kwa Raelene mkewe Colin, juu ya sanduku la barua, limeoshwa, tupu. Ijumaa nikaenda klabuni kwenye chakula cha timu ya mpira, nikakaa na nyama yangu ya kukaanga kwenye meza ya watu wanane. Wale saba wengine hawakuja mezani pangu. Walinipa salamu za mbali, wakaenda kubanana meza nyingine, mmoja akakalia kreti.

Nilirudi nikalia. Nilijua maana yake, au nilidhani najua. Nilijiambia kwamba watu hawa walikuwa rafiki za Glenys, mimi walinivumilia kwa ajili yake, na sasa uvumilivu umekwisha. Nilikaa na wazo hilo majuma sita. Usiulize lilinifanya nini. Lile gauni lake la nyumbani bado lilikuwa nyuma ya mlango, nikalitoa, nikalirudisha.

Jumamosi ya juzi juzi nilikuwa kwenye banda la kuku, nikamwona Colin anashusha ngazi yangu getini, polepole, kama anayeogopa kuamsha mtoto. Nikatoka mbio na ndoo mkononi.

"Colin! Unarudisha mali kama mwizi aliyetubu?"

Akageuka, uso umemwiva. "Sikutaka kukusumbua, mzee."

"Kunisumbua na nini? Na chai?"

"We ndiye hutaki watu, bwana!" akaruka. "Nimekuinulia kidole cha salamu njiani mara sita. Mara sita, Nev! Unanipita umekodoa macho kama umemeza mti. Haya, mimi sina neno, mimi uso wangu unajulikana. Lakini ile siku namtoa Raelene hospitali, mshono mpaka hapa, kakuona kwa mbali, akainua mkono. Si kidole, mkono mzima! Hata hukumgeukia. Akalia machozi mpaka nyumbani. Tukasema basi, mtu na msiba wake, tumwache apumue."

Wewe ulizaliwa huku, sina haja ya kukueleza kidole. Baba aliinua kidole chake kutoka kwenye usukani hata kwa yule mtu waliyeshtakiana naye kwa ajili ya uzio. Kutokuinua ni kumwambia mtu kwamba humhesabu. Na mimi kuanzia Machi nilikuwa nimeipita wilaya nzima bila kidole, mmoja mmoja, nikisoma namba.

Nikamwambia apande garini tu, akaone mwenyewe. Kiti cha kushoto kilikuwa na mfuko wa viazi, ikambidi aupakate.

"Sasa mbona viazi umevifunga mkanda?"

"Vinaangukaanguka."

Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Sikumwambia kwamba kile kiti kikiwa kitupu siwezi kuendesha vizuri.

Tulipoingia barabarani nikamwonyesha kile kioo. Akakitazama, akanitazama.

"Kumbe ulikuwa unakodolea hiki?"

"Hicho."

"Tangu lini?"

"Machi."

"Nev, ndugu yangu, u mjinga wa kupindukia," akasema, akacheka hadi viazi vikamporomoka magotini. Lakini baadaye kidogo nikaona anajivuta upande wangu, shingo imemrefuka, na bila kuulizwa akaanza: "Themanini na sita. Themanini na saba. Oili mia tatu, safi. Kinapanda, mzee, kinapanda. Themanini na nane, kimetulia."

Nikasimamisha gari pale kwenye maghala ya ngano. Nikashuka nikajifanya naangalia tairi. Colin si mtu wa maneno mengi ya moyoni. Alibaki anaokota viazi vilivyomporomoka.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa Raelene, nimechukua ile chupa ya mwisho ya jemu ya aprikoti, yale matunda madogo ya manjano, aliyoipika Glenys. Nilimweleza habari ya kipimo kuanzia birika hadi waya za plagi. Alisikiliza yote. Kisha akasema, "Mimi nilidhani umeninunia kwa sababu nimepona, na yeye hakupona." Ni ugonjwa ule ule, Merilyn. Walikuwa wakienda kwa daktari pamoja, gari moja. Nilimshika mkono, kisha yeye akafungua jemu, akakata mkate, tukala.

Tangu siku hiyo nimeinua kidole mpaka kimepata misuli. Nawainulia Wakleinig, dereva wa maziwa, watalii wenye makaravani wasiojua maana yake. Jana nimeliinulia trekta, nikagundua halina mtu. Na Ijumaa meza ilijaa, na Colin aliisimulia habari yangu mara mbili, ya pili akaitia chumvi hadi na mimi nikacheka.

Kipimo nimekihamisha. Nimekifunga upande wa kushoto na kukigeuza kabisa, kinamtazama aliyekaa kule. Nimekiongezea king'ora kidogo: joto likifika mia kitalia, kwa hiyo injini haiwezi kuungua tena hata nikiwa peke yangu. Lakini namba sizioni. Colin anasema huo ni upumbavu wa pili. Nimemwambia ndivyo gari hili lilivyozoea.

Sasa narudi kwenye swali lako la Februari. Njoo, Merilyn. Baridi bado ni miezi miwili, na hata ikiisha hakuna atakayekufukuza. Ndege ikushushe Adelaide, nitakufuata uwanjani, kilomita mia mbili na sabini kuja na nyingine hizo hizo kurudi. Sitafuti mpishi wala wa kunifulia. Mayai nayaweza, na birika nitanunua jipya. Natafuta mtu wa kuniambia "nusu na kidogo" bila kuulizwa. Ile barua ya mistari mitatu ichome.

Msalimie sana binti yako Tamsin, umwambie mjomba wake hajawa kichaa, alikuwa anatengeneza kitu tu. Mumewe Luke mpe mkono wangu, na mtoto wao Edith mbusu shavu la kulia, la kushoto nitalibusu mwenyewe nikijaliwa. Raelene na Colin wanakusalimu. Wanasema wanakukumbuka ulivyokuwa unakimbia na tai ya shule imegeukia mgongoni. Mungu akulinde njiani na nyumbani, na alitulize hilo goti hadi lifike huku.

Ni mimi kaka yako, akupendaye na aliyekudanganya mara hii moja,

Neville

N.B. Mfuko wa viazi nimeuhamishia nyuma.