Mguu wa Mama Mkwe Ndani ya Mashine

Jumapili, 2 Machi

Chakula cha mchana nyumbani kwa kina mchumba. Mama Mkwe (bado si mkwe! Nimeposa, hajasema ndiyo, hajasema hapana, anaguna tu) alikuwa ndiyo kwanza karudi harusini, hata viatu vya visigino virefu hajavua. Ni mfupi sana, maskini. Akalalamika kwamba viti vya siku hizi virefu mno, miguu inaning'inia mpaka inakufa ganzi.

Nikapata wazo! Nikaangusha kijiko, nikaingia chini ya meza na futi yangu. Nikapima kutoka goti mpaka chini ya kiatu. Wakati wa kutoka nikajigonga kichwa. Mama Mkwe akauliza ni kijiko gani kinatafutwa muda wote huo. Nikasema kilikuwa kimejificha. Akaguna.

Jumatatu, 3 Machi

Karakanani, Bosi alipokwenda kula, nikamchongea Mama Mkwe kiti chake kwa mashine yetu ya kuchonga mbao, ile inayoongozwa na kompyuta.

Programu yangu mpya ya G-code, lugha ya kuiamrisha mashine, inanipa kiburi, sifichi. Zamani kila aina ya kiti ilikuwa na programu yake, ndefu kama safari ya kwa mjomba. Sasa ni moja tu! Urefu wa mguu wa kiti nauweka kwenye kumbukumbu ya mashine, namba #500, nayo inachungulia humo. Ikikuta patupu, inatumia urefu wa kawaida. Ikikuta kitu, inatumia hicho. Halafu inazunguka yenyewe: chonga mguu, hesabu, rudi, chonga mwingine.

Kiti kimetoka kizuri mpaka nikakibusu. Nimekificha stoo. Mashine nimeizima, ili isahau.

Jumanne, 4 Machi

Oda ya viti vya Mwenye Ukumbi wa mikutano, siku nzima. Mashine inachonga, mimi napanga miguu kwenye maboksi. Yote inalingana kabisa! Wataiunganisha hukohuko ukumbini.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa! Viti vimeunganishwa. Watu wazima, na vitambi vyao, magoti yako masikioni!

Bosi amefoka mpaka sauti ikamkauka. Nimefungua kitabu cha mashine. Kumbukumbu za namba za mia moja hufutika ukizima. Za mia tano hazifutiki. Zinakaa humo mpaka uzifute mwenyewe! Kwa hiyo mguu wa Mama Mkwe umelala ndani ya mashine, ukaamka, ukachonga ukumbi mzima.

Nikifukuzwa kazi, Mama Mkwe hatahitaji hata kuguna. Naogopa kweli.

Jumatatu, 10 Machi

Mwenye Ukumbi kaja. Nikajificha nyuma ya mashine. Kumbe anacheka!

Anasema mkutano wa wapangaji na wenye nyumba, ambao kila mara huisha kwa ngumi, umeisha kabla ya chai. Mtu anakasirika, anataka kuinuka — mpaka afanikiwe kuinuka, kasahau alikasirikia nini. Anataka viti vingine vya kipimo hichohicho. Akauliza: ni kipimo cha nani?

Bosi, bila haya, kamwambia kuna mtaalamu. Mwenye Ukumbi anataka kumwona Alhamisi, asipomwona oda hakuna.

Alipoondoka Bosi akanigeukia: "Haya, mtaalamu ni nani?" Nikasema ukweli. Bosi akakaa chini sakafuni. Baadaye akasema: "Mlete. La sivyo, usije na wewe."

Jumatano, 12 Machi

Nimemweleza mchumba. Amecheka mpaka machozi, kisha ghafla akaacha. "Ulimpima mama miguu? Chini ya meza?" Anasema mama akijua, harusi tuisahau. Tumekubaliana: mama anakuja kuchukua zawadi ya kiti. Kijiko kisitajwe!

Alhamisi, 13 Machi

Naandikia stoo. Mlango nimeubana na gunia la vumbi la mbao.

Mama Mkwe amefika na mchumba. Mwenye Ukumbi kamwinamia, kamwita Profesa. Akaguna — vizuri, nadhani. Akakalia kiti chake.

Miguu inaning'inia!

Leo kavaa malapa. Jumapili ile nilipima na visigino!

Mwenye Ukumbi akauliza, Profesa, mbona kipimo chako hakikufikii? Mama Mkwe akatazama miguu yake. Akatazama kiti. Akanitazama mimi.

"Kijiko," akasema.

Mchumba akajifunika uso. Bosi akanitolea macho. Nikasema naenda kuleta futi. Futi ninayo mfukoni tangu asubuhi.

Nasikia malapa yanakuja. Anagonga.

"Fungua, mwanangu. Safari hii utanipima bila viatu. Na utaniomba kwanza."

Mwanangu! Hajawahi kuniita hivyo. Au ndivyo anavyowaita anaotaka kuwachapa? Anagonga tena. Nasogeza gunia