Mama, Jiko la Ruponda Limepata Nyumba Yake

Mama yangu uliyelala Ruponda,

Shikamoo. Nimeanza na hiyo kwa sababu nikianza na habari utanigeuzia mgongo, hata huko uliko. Nahesabu kwamba umeshaitikia, kwa hiyo nikupe habari yenyewe: Jiko la Ruponda limehama. Ile blogu yetu tuliyoianzia kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka sasa ina jina lake, ina seva yake, na ina sura ambayo hata wewe uliyekuwa husomi ungeketi ukaitazama. Nimeshinda, mama. Nasema wazi, maana hukupenda mtu anayeficha furaha yake kama ameiba.

Unakumbuka tulivyoanza? Ilikuwa kiangazi, nimetoka mjini Nachingwea kwenye cherehani yangu, nikakukuta uani unaosha ming'oko, ile mizizi ya porini uliyochimba mwenyewe. Nikakupiga picha mikono tu, na ule mchanga unavyotoka. Ukaniuliza picha hiyo ya nani. Nikakwambia ni ya watu wa huku waliokwenda Dar wakasahau ming'oko inapikwaje.

"Basi waambie maji yasizidi," ukasema. "Wakizidisha watakula uji."

Niliandika hivyo hivyo, neno kwa neno, na hayo ndiyo maandishi ya kwanza ya Jiko la Ruponda. Tuliweka kwenye zile huduma za bure, jina letu likiwa na mkia mrefu wa wenye huduma, kama mpangaji anayetambulishwa kwa jina la mwenye nyumba. Hatukujali. Watu walianza kuja, mmoja mmoja, kisha wakaja wengi.

Na ukaweka sheria yako. Siku ile mwanamke mmoja wa Mwanza alipouliza chini ya mapishi kwamba mbaazi za nazi zinachukua muda gani kuiva, nilikusomea nikidhani utamjibu. Ukaniambia nimwandikie "Hujambo?" na nisiongeze hata herufi. Nilikubishia kwamba mtandaoni watu hawana muda huo, wewe ukaendelea kuchambua kunde. Kesho yake mwanamke yule alirudi akaandika "Shikamoo mama." Ukaitikia, ukamuuliza yeye ni mtoto wa nani na babu yake alitokea wapi, na ikajulikana kwamba babu yake ni wa Mkotokuyana na mlicheza pamoja utotoni. Jibu la mbaazi alilipata baada ya hapo, tena na salamu za kupeleka kwao.

Tangu hapo wasomaji wote wakaijua njia. Mgeni akifika anaandika "Shikamoo" peke yake, anatuma, anasubiri. Ukishaitikia ndipo anauliza. Wazoefu waliwafundisha wageni, na aliyekurupuka na swali alichekwa kwa upole. Sijaona blogu nyingine yenye adabu ya namna ile. Nakumbuka nilivyokuwa nakusomea salamu hizo mchana, wewe umeegemea ukuta, unaitikia kila moja kwa sauti kana kwamba mtu amesimama hapo uani, nami naandika.

Halafu ukaja ule mwezi wa Ramadhani, wa mwisho kwako. Watu walikuwa wengi kuliko uwezo wetu. Kila alasiri, wakati wanawake wanataka kujua futari ya muhogo na samaki mkavu inaanzaje, ukurasa uligoma. Picha zangu zilikuwa nzito, nafasi ya bure imejaa, gurudumu linazunguka tu. Dada mmoja alipiga simu kutoka Mtwara akalalamika kwamba adhana inakaribia na hajui aweke chumvi lini. Nilitaka kulia kwa aibu. Wewe ukasema, kwa sauti ile ya kutuma mtu kisimani:

"Wageni wamejaa mlangoni, mwanangu, na nyumba ni ndogo. Jenga."

Nilikuahidi. Hukukaa ukaona. Mwenyezi Mungu akurehemu.

Nikuambie lililonisumbua baada ya hapo, maana kwa watu wengine nilificha. Nilitangaza msiba wako kwenye blogu, watu wakanifariji vizuri, kisha nikashindwa kuandika kwa miezi mingi. Sikuogopa kazi ya kujenga. Niliogopa kwamba nitajenga nyumba kubwa na hakuna atakayeingia. Wale walikuja kwako, mama. Mimi nilikuwa mkono unaoandika. Nani angeufuata mkono hadi kwenye anwani mpya?

Ufuta wa shamba lako ndio ulionisukuma. Msimu uliopita ulikubali, mnada ukaenda vizuri, na pesa ilipofika niliona ni haramu kuinunulia kabati. Nikamtafuta fundi wa tovuti. Nikamkuta Ruangwa, kijana mtu mzima anaitwa Sadiki, ana ofisi ndogo upande wa stendi, anaongea Kidar kila sentensi. Alinieleza kwamba tutanunua jina letu wenyewe, tutapanga kwenye seva inayobeba watu wengi, na picha tutazipunguza uzito zifunguke hata kwa mtu mwenye bando la kusuasua.

Kwenye sura ya blogu tuligombana. Alinionyesha mchoro wa kwanza, juu kabisa kuna minazi na mawimbi. Nikamuuliza bahari ya Ruponda iko upande gani. Akasema dada, watu wakisikia kusini wanawaza bichi. Nikamwambia basi wakija kwangu waache kuwaza hivyo. Tulipatana rangi za mabibo, nyekundu na njano, na juu tukaweka ile picha ya mikono yako. Akataka pia tuache nyuma komenti za zamani, ati ni mazagazaga ya salamu na yanajaza nafasi bure. Hapo sikugombana, nilisimama tu nikachukua mkoba wangu. Akaelewa. Komenti zote zimehama, mama, kila "marahaba" yako iko mahali pake chini ya kila chakula.

Tulifungua siku chache kabla ya mfungo. Niliandika tangazo, nikapika, nikaweka futari ya boga kwa nazi kama ulivyoipenda. Nikakaa na simu mapajani.

Kimya.

Kulipokucha, kimya. Siku zilizofuata hivyo hivyo, hadi mfungo ukaanza. Chini ya boga langu palikuwa peupe, hakuna hata mtu aliyekohoa. Nilimpigia Sadiki nikidhani seva imeanguka, akanijibu jambo lililonimaliza kabisa.

"Dada, mbona watu wanaingia freshi tu. Wanafungua, wanasoma, wanasepa. Ila hawaongei."

Yaani wamekuja, wameona, wamekaa kimya, wameondoka. Nilijiambia ndilo jibu lao: tulikuwa tunamtaka mama. Nilishona gauni la mteja siku hiyo nikakosea mkono, wa kulia nikaupachika kushoto. Usiku nilishindwa kula daku. Asubuhi mvua inanyesha nilifunga duka nikapanda gari la Ruangwa, nia yangu nimwambie Sadiki aifunge blogu kabla aibu haijafika mbali. Sikukusudia kumlaumu, nilikusudia tu kumaliza.

Alinikaribisha kiti, akafungua kompyuta, akawa anapitia vyumba vya ndani vya blogu ambavyo mimi sivijui. Akafika mahali akasita. Akaanza kucheka huku ameshika kichwa.

Alikuwa ameweka chujio la kuzuia matapeli, yale maandishi ya wahuni wanaotuma kitu kimoja kila mahali. Alilikaza sana, kwa nia njema. Sasa lile chujio liliona neno moja, lile lile, linatumwa na mamia ya watu tofauti, bila swali na bila maelezo. Likawakamata wote.

"Dada, hawa wote wametuma shikamoo tupu," akasema. "Mashine imejua ni matapeli."

Walikuwa mlangoni, mama. Walikuja saa ile ile tuliyofungua. Wamepiga hodi kama ulivyowafundisha, neno moja, halafu wakasubiri kuitikiwa, na hakuna aliyeuliza swali kwa sababu hakuna aliyeitikiwa. Kimya kile kilikuwa adabu yako. Wengine walirudi siku ya pili wakasalimia tena, wakidhani sikusikia. Yule wa Mwanza alisalimia mara kadhaa.

Nilicheka hadi watu wa ofisi ya jirani wakachungulia, na machozi yalitoka pia, sitakuficha. Sadiki alilegeza chujio, akabonyeza, na salamu zikaanza kumiminika chini ya boga langu, zinashuka na kushuka, mpaka tukaacha kuzifuata kwa macho.

Kisha nikashika simu niwajibu. Miaka yote nilikuwa naandika "Mama anasema marahaba." Sasa niandike nini? Nikiandika marahaba yangu nitakuwa nimekaa kwenye kiti chako. Nikawaza labda niwashukuru tu, niombe samahani kwa hitilafu, mambo yaishe. Ndipo nikaona salamu moja, ndefu kuliko zote, ya msichana ambaye sijawahi kumjua, anasema anatoka Marambo na anasoma mbali. Aliandika hivi:

"Shikamoo. Tunajua bibi hayupo. Hii ni yako wewe mama wa sasa."

Nilisoma tena na tena. Sadiki aliona uso wangu, akainuka akaenda kusimama barazani.

Nikaandika: "Marahaba, mwanangu. Wewe ni mtoto wa nani?"

Amenijibu. Ni mjukuu wa fundi aliyeezeka nyumba yetu. Alitaka kujua kisamvu cha karanga kinatwangwa vipi kama huna kinu, nikamwelekeza.

Ramadhani imekwisha na blogu haikuanguka hata alasiri moja. Saa ya kukaribia magharibi wanafungua wote kwa pamoja, Dar, Mtwara, Mwanza, hata walio nje ya nchi, na ukurasa unafunguka upesi kabla hujameza mate. Sadiki ananipigia kuniuliza mkewe aweke nazi lini, na nimemkatalia jibu mpaka mkewe mwenyewe anisalimie. Amenisalimia.

Nakukosa, mama. Nakukosa zaidi nikiwa na furaha, kwa sababu majonzi naweza kuyabeba peke yangu, lakini furaha natafuta wa kumwonyesha. Ungekuwepo ungeuliza kwa nini nimekaa kuandika barua ndefu hivi wakati kuna watu wamesalimia.

Basi naomba ruhusa. Lala salama. Ngoja niwaitikie.

Mwanao,
Mama wa Jiko la Ruponda