Bei ya Panzi

Jumamosi, jioni. Kipupwe bado kimeshika, na upepo wa leo umetulisha vumbi tangu alfajiri. Mimi nina furaha na aibu kwa pamoja, kama mtu aliyeshiba pilau ya harusi asiyoalikwa.

Nianze na furaha.

Leo nimeuza gari. Mimi Sudi, dalali wa Tabora, niliyezoea kunadi vitanda, milango, mbuzi, baiskeli na ngozi za ng'ombe, leo nimeuza gari la mbio, la wazi, la viti viwili, lililotoka Uingereza kabla ya vita. Mtaa mzima wa Gongoni unalijua kwa jina la Panzi. Ni la kijani, taa zake mbili zimetokeza kama macho, na likiondoka huruka kwanza ndipo likimbie. Marehemu Idi, fundi wa saa, alilinunua kwa Mzungu mmoja wa mambo ya madini aliyekuwa anarudi kwao. Sikukuu zote watoto walikuwa wakilifukuza mpaka stesheni.

Idi ametutoka mwaka huu. Mkewe, Bi Zuwena, alipomaliza eda tu akaniita.

"Kaka Sudi," akaniambia, "sitaki bei ya huruma wala ya dhuluma. Nitajie ya haki, nami nitaipokea."

Anataka kununua cherehani mbili na kupanga chumba cha mbele cha duka hapa hapa Gongoni, ashone nguo za kina mama. Fedha ya Panzi ikipungua, hana budi kwenda Ujiji akae kwa kaka yake, na huko wifi yake humhesabia hata sukari ya chai. Alinieleza hayo kwa kucheka, lakini mikono yake ilikuwa inakunja na kukunjua pembe ya kanga.

Sasa mnunuzi. Katika Tabora yote, na Usoke, na Urambo, mtu mmoja tu ndiye aliyelitaka gari lile kwa dhati na mwenye uwezo wa kulilipia: Maganga wa Usinge, mfanyabiashara wa asali na nta. Maganga huyo ni kaka wa mke wangu.

Asubuhi mke wangu, Mwamini, alinimiminia uji, akaniuliza, "Kaka yangu anafika saa ngapi?" Kisha akatabasamu. Mimi kelele za Mwamini siziogopi, nimezizoea. Tabasamu lile ndilo linalonikosesha usingizi. Nikala uji wangu, nikajua kwamba leo nikimwumiza Maganga, nitajipikia mwenyewe mpaka Ramadhani.

Mbuzi namjua kwa kumshika mgongo. Kitanda nakijua kwa kukilalia, na mlango kwa bawaba zake. Lakini gari la namna hii hakuna aliyewahi kuliuza hapa, nililinganishe na lipi? Basi nikafanya ninavyofanya siku zote nikishindwa kukijua kitu. Nilimwita mtani wangu aje akitukane.

Mtani wangu ni Mwinyimvua, Mzaramo, mshona kanzu. Babu zetu Wanyamwezi walipokuwa wakipeleka pembe pwani kwa miguu, walipita katika nchi ya babu zake. Kwanza walipigana, kisha wakala pamoja, kisha wakazikana, na ule ugomvi ukabaki kuwa mzaha hadi leo. Mtani hatukani kwa chuki, na anayemkasirikia mtani hujivunjia heshima mwenyewe. Nami nimejifunza sokoni kwamba mtani akikitukana kitu mpaka akaishiwa maneno, kile kilichobaki ndicho thamani yake.

Mwinyimvua hakutuangusha. Tulikutana uani kwa Bi Zuwena, Maganga naye ameshafika, na majirani wakiwa wamejaa mpaka juu ya ukuta.

"Mwangaluka, wapagazi!" akatuamkia kwa Kinyamwezi chake kibovu. Akalizunguka gari akiwa amefunga mikono nyuma. "Hili ni gari au kisahani cha sabuni? Mwenye mke na mtoto mmoja, mtoto atapanda wapi? Kwenye boneti?"

Akagonga ubavu kwa kidole. Ubavu ukalia kama ngoma iliyolegea. Hapo ndipo sote tulipojua kwamba lile bati la nje limevishwa juu ya mbao. Akainua zulia la chini upande wa abiria, na kumbe mbao zile zimeliwa na mchwa.

"Jamani, Idi alinunua kabati lenye magurudumu! Na wapangaji wameshahamia!"

Majirani walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka ukutani. Turubai la mvua lilikuwa na matundu ya panya, nalo likapata fungu lake la matusi. Tairi moja ilikuwa na upara kuliko imamu wetu. Spea nazo mpaka uagize Ulaya, zije kwa meli, zipande treni, na zikifika wewe umeshazeeka. Maganga alicheka mpaka akafuta machozi, lakini nilimwona, macho yake yalikuwa yanapunguza bei kwa kila kicheko.

Kisha Bi Zuwena akatoka ndani na hendeli ya kuwashia gari mkononi.

Aliichomeka mbele, akaizungusha mara moja tu, na injini ikaitika. Haikukohoa wala haikutoa moshi. Mlio ulikuwa mmoja, laini, na hata ulipoachwa peke yake haukuyumba.

Akatueleza. Katika eda hakutoka nyumbani, lakini ua ni ndani ya nyumba, kwa hiyo kila Ijumaa asubuhi alilipiga hendeli akaliacha lingurume kidogo, kama Idi alivyomfundisha. Idi alikuwa akisema kwamba gari lisiloamshwa hufa usingizini. Majirani wakatazamana. Kumbe ule mngurumo wa Ijumaa, ambao sote tulidhani ni mashine ya kusaga, ulikuwa ni yule mjane anamwamsha Panzi.

Tukatoka kulijaribu. Maganga alishika usukani, mimi nikakaa pembeni yake, miguu nimeinyanyua kwa heshima ya mchwa, na Mwinyimvua akapanda nyuma juu ya turubai lililokunjwa, kofia ameishika kwa mikono yote miwili. Tukaifuata njia ya zamani ya misafara kuelekea Kwihara. Babu yangu alikuwa akiipita njia hiyo kwa kuburuta miguu, na leo mimi mjukuu wake naipita huku mashavu yanapepea. Nilipiga kelele kama mtoto. Sioni haya kusema. Nina mvi kichwani na nilipiga kelele.

Kilichonishtua ni kwamba nyuma yetu kulikuwa kimya. Nikageuka. Mwinyimvua alikuwa ametulia tuli, anatazama miti inavyopita, na hakuwa na tusi hata moja.

Hapo bei ikanijia, kama jina la mtu linavyokujia baada ya kulitafuta kutwa. Mchwa ni kazi ya seremala. Tairi hununuliwa, na turubai hushonwa. Injini iliyotunzwa namna ile haipatikani kwa kutaka. Shilingi elfu tatu. Isizidi, isipungue.

Sasa aibu.

Tuliporudi uani watu wote walinitazama mimi. Maganga akaniwekea mkono begani. "Shemeji, sema wewe. Utakalosema ndilo." Na mimi badala ya kuiona injini, nikauona uji. Nikaona lile tabasamu.

"Elfu mbili na mia tano," nikasema. Sauti ikatoka nyembamba, basi nikaipandisha kama niko mnadani. "Elfu mbili na mia tano! Nasema, elfu mbili na mia tano!"

Bi Zuwena alitazama chini kidogo. "Kama ndiyo haki, kaka Sudi, basi ndiyo."

Angenitukana ningeshukuru.

Maganga alilipa palepale, uso wote meno, wakakubaliana mbele ya mashahidi. Alipotaka tu kupanda gari lake, akakuta Mwinyimvua ameshaketi kwenye usukani, na hendeli ameificha ndani ya kanzu.

"Lilipokuwa la Idi sikuwa na haki nalo, Idi hakuwa mtani wangu," akasema. "Sasa ni mali ya Mnyamwezi. Nimelikamata. Likombolewe!"

Ua mzima ukashangilia. Hiyo ni sheria yetu, mtani akikamata kitu chako hukipati mpaka ukikomboe. Maganga mwenyewe alicheka. "Haya, mtani, wataka kuku au mbuzi?"

"Mia tano."

Vicheko vikakatika. Mia tano ndiyo niliyoiiba kwa ulimi wangu.

"Mia tano!" Maganga akasema. "Wewe Mzaramo, kuku gani huyo?"

"Babu yako alipoanguka njiani kule kwetu, pembe bado iko begani, wenzake wakaendelea na safari," Mwinyimvua akamjibu, safari hii bila kucheka. "Nani alimchimbia kaburi? Alikuja mtu akakudai bei ya sanda?" Kisha akajinyoosha kitini. "Toa, mpagazi wee, au nitalala humu humu mpaka mchwa wanimalize na mimi!"

Maganga alisimama akimtazama. Nilidhani ataondoka. Kisha kicheko kikaanza kumtoka tumboni, kikapanda, akajipiga mapaja, akatoa fedha huku akilaani Wazaramo wote kuanzia Kisarawe mpaka baharini. Namheshimu shemeji yangu kwa kicheko kile. Si kila tajiri anakijua.

Mwinyimvua zile noti hakuzitia mfukoni. Alishuka, akazikabidhi kwa Bi Zuwena kwa mikono miwili. "Chukua, dada yangu. Ukifungua duka lako, ninachokuomba ni kimoja tu, kanzu niachie mimi. Usiniue njaa."

Bi Zuwena akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba.

Njiani tukirudi nilimwuliza Mwinyimvua alijuaje kwamba ni mia tano, wala si mia mbili wala mia sita. Akaniangalia kama alivyoliangalia lile turubai la panya.

"Injini niliisikia kama ulivyoisikia, nami nikakisia elfu tatu. Bado nikawa na shaka, maana dalali ni wewe, mimi ni mshona kanzu. Wewe ndiye uliyenitoa shaka. Nimekaa nawe sokoni miaka mingapi, Sudi? Bei ya kweli huitaja mara moja, tena kwa sauti ndogo. Leo umeitaja mara tatu. Nikajua unajinadi mwenyewe."

Nina ulimi wa kuuza mlango usio na nyumba, lakini nikaishia kumsifia kofia yake.

Nyumbani nikamkuta Mwamini ameshasikia yote. Habari za Gongoni huwahi kufika kuliko mwenyewe. Alikuwa ameinama juu ya chungu, mabega yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mia tano! Kaka Maganga katoa mia tano! Huyo namjua tangu akitunyang'anya karanga utotoni. Afadhali amepata mtu wa kumkamua."

Nikamwuliza, je, asubuhi ule uji, lile tabasamu, na lile swali la anafika saa ngapi?

"Nilitaka kujua nimchinjie kuku saa ngapi," akasema. "Wewe ulifikiri nini?"

Nimekula kuku yule pamoja na Maganga. Amekuja hapa na Panzi wake, anapiga honi kila dakika, ameshamwita seremala, na hanioni kuwa na kosa lolote. Kumbe nilimwogopa mke ambaye hakuwa na habari nami, nikamdhulumu mjane aliyeniamini, na mtani akanifanyia kazi yangu kwa ujira wa kukalia mchwa. Lakini siwezi kununa. Kila nikikumbuka sura ya Maganga alipoambiwa mia tano, nacheka peke yangu, na Mwamini ananiuliza nina nini.

Udalali wangu sitauchukua, wala wa huku wala wa kule. Kesho kabla sijaenda kokote nitapita kwa Bi Zuwena, nimwambie kwa kinywa changu kwamba ile mia tano haikuwa ya mzaha, ilikuwa haki yake tangu mwanzo, na mimi nilijua. Naona haya hata kuyaandika. Ngoja nijaribu hapa kwanza, ili ulimi uzoee.

Bei ya haki ya Panzi ni shilingi elfu tatu.

Nimeandika mara moja tu.