Alama Kwenye Majivu

Mjukuu wangu Akiru,

Ejok! Sisi huku Lodwar tu wazima. Majirani walijaa kwangu kukutazama kwenye TV ukibeba kombe, wakanimalizia chai yote. Unauliza kwa nini kocha wako wa kwanza, Mama Nyandeng, alikuwa anatoka Kakuma kila Jumamosi kuja kukufundisha tenisi.

Tukiwa wasichana, nilicheza naye fainali hapa. Mistari ilichorwa kwa majivu, na hakukuwa na refa; mpira ukianguka upande wako, wewe ndiye unayesema kama ni ndani au nje. Nilibakisha pointi moja nishinde. Mpira wake ukaanguka nyuma yangu.

"Nje!" dada yangu akapiga kelele, na watu wote wakaitikia.

Nikageuka. Alama ya mpira ilikuwa imegusa majivu. Upepo ulikuwa unakuja na vumbi. Ningenyamaza kidogo tu, ungeifuta. Nyandeng alisimama ng'ambo ya wavu, hana hata mtu mmoja wa kumshangilia.

Nikasema, "Ndani."

Kombe likaenda Kakuma. Dada yangu alininunia mwezi mzima.

Jumamosi ile ya kwanza nilimwonya Nyandeng kwamba miguu yako ni mizito.

"Miguu nitaifundisha," akasema. "Nimekuja kuona kama ana macho yako."

Nyanya yako