Miguu Kwanza

Lubumbashi, 12 Januari 2025

Mama yangu mupenzi,

Jambo sana. Uko muzuri? Mugongo inakuuma bado? Usingizi unapata? Minye niko muzuri. Hapa kwa baba mukubwa Evariste banakula mapema sana, ukichelewa kidogo bukari imeisha, unalala na maji. Juzi nililala na maji.

Nakutumia barua kwa mukono ya Yannick, dereva, vile tulisikilizana. Mu telefone tunalia tu, hakuna mwenye kusema neno. Tangu baba alikufa ni vile. Mu barua muntu analia, anapangusa, anaendelea.

Bon, neno iko hii. Ile kazi ya kutunza uso na ngozi, nimepata njia mbili ya kujifunza. Ya kwanza ni centre moja, miezi tatu tu: uso, maquillage ya kujipamba, kucha, massage, byote, na karatasi ya brevet juu yake. Ya pili ni kwa Maman Adrienne, mwenye salon ku Kamalondo. Yeye anachukua batoto bane tu, anabafunza miaka mbili. Kwa sasa niko najaribu ku centre, kisha nachagua. Unaona namna gani? Weye njo mwenye kunituma huku.

Na mvua hii, mama, vaa viatu. Nakuomba.

Mutoto yako,
Orpha


Likasi, Panda, 16 Januari

Mutoto yangu Orpha,

Nakusalimia mu jina ya Yesu. Kwa Evariste balikula mapema tangu zamani, kimbia ku meza, usiwe na haya. Mugongo iko, haijahama. Shiye bengine tuko bazima.

Sasa unaniuliza nini? Miezi tatu! Glody, ule mulisoma naye, mutoto wa Carmen, alifanya miezi tatu. Leo iko na salon yake ku njia ya soko, na kioo kubwa sawa mulango. Jumamosi bamama banapanga mustari mupaka inje. Na weye unajua Glody alikuwa anasinzia ku masomo, mate inatoka! Kama yeye aliweza, weye utashindwa?

Nikuambie wazi. Familia ya baba yako banasema kilio itatoka mwezi ya sita, matanga iishe. Tantine Mado njo atanivua nguo nyeusi na kuniosha, juu ni dada ya baba yako na ni mila. Lakini uso, nilitaka ni weye. Tangu tulimuzika baba yako Kabamba sijajiangalia mu kioo. Nilisema mu roho: Orpha atanitengeneza, kisha nitafungua macho nijione. Kama ni miaka mbili, siku ile nitamungoja nani?

Habari ya viatu usinisumbue. Mado alisema mujane atembee miguu tupu mupaka siku ya kutoa kilio, na minye nimezoea. Biatu baba yako alininunulia Kasumbalesa biko mu carton yao, juu ya kabati. Sijabigusa.

Chukua miezi tatu, urudie ku nyumba.

Mama yako


Lubumbashi, 26 Januari

Mama yangu,

Jambo. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu. Minye mwili iko muzuri, roho njo inatetemeka, juu nimekwisha kuchagua na najua utakasirika.

Ku centre tuko bantu makumi tatu mu chumba moja. Siku ya ine balituletea mama moja, muuza samaki, tujifunze juu ya uso yake. Mashavu yake ilikuwa imekwisha kuchubuka, nafikiri ni juu ya ile sabuni ya kung'arisha. Balisema tumupake krimu ya kusugua. Akasema, "Batoto, inaniunguza." Monitrice, mwenye kutufunza, akasema, "Ni dawa inafanya kazi, maman, vumilia." Mama, alivumilia! Machozi inashuka, anavumilia, juu ya heshima. Minye nilichukua maji nikamuosha. Nikauliza monitrice: ngozi ya namna hii tunaifanyaje? Akanijibu nisicheleweshe benzangu, kesho ni maquillage.

Nikaenda kwa Maman Adrienne. Hakuniuliza diplome. Aliniambia nimushike mukono, nimuambie nasikia nini. Nikasema, kidole hii iliungua zamani. Akacheka, akasema ni mafuta ya kukaanga mikate, nianze kesho.

Lakini kwake muntu haanzi na uso. Ni miguu kwanza, kisha mikono, uso ni mwaka ya pili. Alisema: "Ukikosea ku muguu, muntu anavaa soksi. Ukikosea ku uso, anaenda nayo ku soko."

Donc mwezi ya sita sitakuwa nimegusa uso ya muntu hata moja. Nasikia uchungu, mama. Nililia sana. Lakini nilimuwaza ule muuza samaki, nikawaza ingekuwa weye, ungevumilia vile-vile na usiniambie.

Usinikasirikie. Ao kasirika, lakini unijibu.

Mutoto yako,
Orpha


Lubumbashi, 23 Machi

Mama,

Jambo. Hujanijibu. Yannick anasema barua alikupatia mu mukono, ukasema "muzuri", ukafunga mulango. Nakujua, ile "muzuri" si muzuri.

Minye niko mu miguu asubuhi mupaka jioni. Miguu ya bamama ya soko, ya bapolisi, ya muchungaji moja mwenye kunuka vibaya, Mungu anisamehe. Juzi alikuya baba moja anachimba ku Kakanda, akaficha miguu chini ya kiti, haya inamushika. Nilimuuliza mambo ya batoto, mambo ya mpira, polepole akaitoa inje. Maman Adrienne aliona, hakusema kitu. Kwake kama hasemi kitu, umeshinda.

Dada ndogo ya muke ya baba mukubwa anaoleka hapa mwezi hii, nyumba iko na makelele. Nakuwaza sana. Unijibu, hata mustari moja.

Orpha wako


Likasi, Panda, 18 Mei

Orpha,

Salamu. Tuko bazima.

Kilio itatoka Jumamosi tarehe 14 Juni. Glody atanitengeneza uso. Alikuya mwenyewe kujitolea, na nimekubali.

Weye utakuya sawa bageni bengine. Kitanda iko.

Mama


Lubumbashi, 25 Mei

Mama yangu,

Jambo na heshima yote. Mugongo iko namna gani? Hukuniambia.

"Sawa bageni." Nilisoma ile neno nikakaa chini ku njia, bantu banapita. Imeniuma sana, sitakuficha.

Nashukuru Glody amejitolea. Ni muzuri, na mukono yake ni mwepesi kweli. Hata ungeniomba leo, uso yako singegusa, juu sijaweza. Kazi yenye sijaweza siwezi kuianzia kwa mama yangu.

Lakini mama, mwaka muzima umetembea miguu tupu. Ku soko, ku kanisa, mu mawe ya Panda na mu matope. Bote banafikiri nguo utavaa na uso utaonyesha. Miguu nani ameifikiri? Ile naweza. Njo kitu moja tu naweza.

Najua Tantine Mado njo mwenye kukuosha. Umuombe, kwa heshima, aniachie miguu. Akikataa nitakaa na bageni, sitasema neno.

Nitakuya na beseni yangu.

Mutoto yako,
Orpha


Likasi, Panda, 22 Juni

Mutoto yangu, Orpha wangu,

Nakusalimia sana, sana. Ulifika muzuri? Yannick alisema ulilala njia muzima, mudomo wazi. Umutumie Maman Adrienne salamu zangu. Mugongo inauma kidogo tu, ni ya kucheza, nilicheza Jumamosi ile kupita miaka yangu.

Siku ile hatukupata nafasi ya kuongea, bantu balijaa mupaka inje, ku lupangu ya jirani. Sasa nyumba imenyamaza, nakuandikia.

Kwanza, Mado hakukubali mbio. Alisema, "Toka lini mutoto anaosha mujane?" Minye nilikuwa nimenuna na weye bado, lakini aliposema vile nilisikia hasira, nikamujibu: "Kabamba ni baba yake. Naye amelia." Kisha akasema, bon, miguu.

Nikuambie kitu sikukuambia. Ile miguu ilikuwa inaniuma tangu mwezi ya tatu. Kisigino ilipasuka mupaka damu. Usiku nilikuwa naifunga na kitambaa, asubuhi naifungua, juu nilifikiri ni halali yangu, baba yako iko chini ya udongo, minye niumwe kidogo. Na sikutaka kukuandikia, nilikasirika. Mamu wanyi we, nilikasirika sana! Nilisema, mutoto amenikataa uso, anataka kuniletea beseni.

Wakati uliinama pale mu chumba, Mado ananiangalia, Glody ananiangalia, nilitaka kuficha miguu chini ya kitenge sawa ule baba wa Kakanda. Weye hukuniuliza nini ilinipata. Uliiweka mu maji ya moto kidogo, ukangoja. Kila mara ulisema, "Mama, hapa inauma? Na hapa?" Na minye niliposema hapana, ulinitazama, ukajua nadanganya, ukaacha, ukaongeza maji. Hakuna muntu aliniuliza kama inauma tangu baba yako alikufa. Njo maana nililia vile. Mado naye alilia, alienda kusema ni moshi ya makala.

Glody alinitengeneza uso, bote balishangilia, picha mingi imepigwa. Si mubaya, Glody. Siku ya pili alikuya kuniuliza namna gani ulifanya visigino, anataka umufunze ukirudi. Nilimuambia apange mustari.

Sasa sikiliza. Leo asubuhi nilishusha carton juu ya kabati. Biatu biliingia. Nilienda nabyo ku kanisa, bamama bakaniangalia chini mupaka juu. Kisha nilienda ku makaburi, nikasimama mbele ya baba yako, nikamuonyesha. Nilimuambia habari yako yote.

Na neno ya mwisho. Siku ile, Glody alipomaliza, aliniletea kioo. Nilifunga macho, nikamuambia, "Ni muzuri sana, mutoto yangu, aksanti." Usimuambie. Sijajiona bado. Ukifika mwaka ya pili, na Maman Adrienne akikuruhusu, utakuya na beseni yako na dawa zako, utanitengeneza, na utanishikia kioo weye mwenyewe. Jifunze polepole. Mama yako iko na biatu, anaweza kungoja.

Mama yako mwenye kukupenda